Mgeni Rasmi na Mgeni wa Jembe: kisa cha watoa mada wa klabu yetu ya picha

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi klabu yetu ya wapiga picha hukutana katika darasa la kuazima hapa Tanga mjini. Ni klabu ndogo. Wamo walimu, muuguzi mmoja, vijana wa studio, dereva wa bodaboda ambaye mwisho wa wiki hugeuka mpiga picha wa harusi, mama mmoja aliyestaafu kazi bandarini, na wanafunzi wanaotumia simu kwa sababu kamera hawana. Saa ya kwanza huwa ya picha zetu wenyewe. Saa ya pili ni ya mgeni, mtu tuliyemwalika aje atuzungumzie kazi yake.

Kwa karibu miaka mitatu kualika wageni hao ilikuwa kazi yangu. Kisa ninachokieleza hapa kilianza ndani ya miezi miwili iliyofuatana, kikapita mikononi mwangu, na kimebadilisha kabisa namna ninavyomwita mtu aje kuzungumza mbele ya wenzangu. Nakieleza chote, pamoja na pale nilipokosea, maana wenzetu wa vikundi vya miji mingine huanza na swali lilelile: wageni mnawapata wapi? Kuwapata si kazi ngumu. Kazi inaanza mgeni akishakubali.

Meza kuu

Tulikuwa tukikutana saa moja usiku. Mbele ya darasa tuliweka meza yenye kitambaa cheupe, chupa mbili za maji na ua la plastiki. Katibu alisoma wasifu wa mgeni: alikosoma, alikofanya kazi, tuzo alizopata, nchi alizofika. Makofi yakapigwa. Mgeni alisimama, akaunganisha kompyuta yake na projekta, akazungumza mpaka alipomaliza. Mwenyekiti akatoa neno la shukrani, tukapiga picha ya pamoja, tukatawanyika.

Yeyote aliyekulia Tanzania anaujua utaratibu huo hata kama hajawahi kushika kamera. Ndio wa mahafali ya darasa la saba, ndio wa uzinduzi wa kisima, ndio wa harusi. Kuna meza kuu, kuna risala, kuna mgeni rasmi, kuna neno la shukrani. Hatukukaa tukauchagua. Tulipohitaji namna ya kumpokea mtu, huo ulikuja wenyewe. Una heshima ndani yake na siubezi. Lakini una kanuni moja isiyotamkwa: mgeni rasmi haulizwi. Anasikilizwa, anashukuriwa, anasindikizwa. Ukimuuliza kitu, kiwe cha kumpa nafasi ya kung'ara zaidi. Ukimuuliza alipoharibu, umemvunjia heshima yeye na waliomleta.

Na anayejifunza kupiga picha, kitu anachokihitaji kuliko vyote kutoka kwa aliyemtangulia ni hicho hasa: uliharibu wapi, ukajuaje kwamba umeharibu, ukafanya nini baada ya hapo. Tulikuwa tumejenga jukwaa ambalo swali hilo halipandi.

Kulikuwa na jambo jingine, la nani anastahili kuitwa. Daftari langu lilikuwa na orodha ya watu niliotamani kuwaleta, na wote walikuwa wa mbali. Juu ya ukurasa niliandika jina la mpiga picha wa habari Mohamed Amin, aliyefariki 1996, kama kipimo cha ninachokitafuta. Mtu aliyezaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mjini humo 1963. Picha alizozichukua za njaa ya Ethiopia, zilizotangazwa Oktoba 1984, ziliufanya ulimwengu mzima ugeuke utazame. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Nikawa natafuta mtu mwenye walau robo ya historia kama hiyo. Sikujiuliza hata siku moja kijana wa klabu yetu angemuuliza nini mtu wa namna hiyo, hata kama angekuwa hai amekaa mbele yake.

Usiku wa picha mia mbili

Mwezi ule nilifanikiwa kumpata mpiga picha wa wanyamapori kutoka Arusha, mtu mwenye kazi nzuri kwelikweli. Tulimlipia nauli ya basi kwenda na kurudi, chumba cha siku mbili, na bahasha. Kwa mfuko wetu hiyo ilikuwa michango ya miezi mitatu. Tukabandika matangazo, darasa likajaa mpaka wengine wakasimama madirishani.

Alikuja na picha zaidi ya mia mbili. Chui juu ya mgunga. Nyumbu wakivuka Mto Mara, vumbi na maji vimechanganyika. Simba wa Serengeti wamejinyoosha juu ya majabali. Ol Doinyo Lengai alfajiri. Kila moja ilikuwa safi, na dakika ishirini za mwanzo watu walikuwa wakiguna kwa kustaajabu. Dakika ya arobaini minong'ono ikaanza. Alipofikisha saa moja na nusu akizungumza nilimwona dereva wetu wa bodaboda ameegemea ukuta anasoma simu. Wanawake watatu wanaokaa mbali, upande wa Pongwe, walikuwa wameshaondoka kimya kimya kwa sababu usiku ulikuwa umeingia na usafiri ni wa shida.

Nilipouliza kama kuna maswali, pakawa kimya. Mwishowe mtu mmoja akauliza ile lenzi kubwa inauzwa shilingi ngapi. Mgeni akataja bei. Ikawa basi.

Baadhi ya wenzangu walimlaumu muulizaji, eti ametuaibisha. Mimi naona lilikuwa swali pekee ambalo kipindi kile kiliacha nafasi yake. Mtu akikuonesha mazuri mia mbili bila kukuonesha njia aliyopita kuyafikia, kinachobaki kati yako na yeye ni kile kifaa alichobeba yeye na wewe huna. Utauliza bei.

Baada ya usiku huo michango ilishuka. Vijana wawili waliniambia kwa adabu kwamba picha nzuri wanaziona kwenye simu zao, bure, na mtu anaacha akichoka. Lakini lililoniuma ni la mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu, binti mkimya, ambaye hajawahi kukosa mkutano. Alisema hakupiga picha hata moja wiki nzima. Alijiona hana cha kupiga. "Tanga hatuna simba," alisema.

Klabu ya picha iliyomfanya mtu aweke kamera chini. Nililala na jambo hilo siku kadhaa.

Kopo la maziwa ya unga

Mgeni wa mwezi uliofuata alikuwa atoke Dar es Salaam. Siku yenyewe ya mkutano, saa nane mchana, akapiga simu: amepata kazi ya ghafla, hatafika. Nilitaka kuahirisha. Mweka hazina wetu, yule mama wa bandari, ndiye aliyesema, "Si yupo yule mzee wa studio Ngamiani? Picha yangu ya kwanza ya pasipoti alinipiga yeye."

Ngamiani, kwa asiyeifahamu, ni mitaa iliyopangwa kwa barabara za namba, na studio ya mzee huyo ilikuwa mwendo wa miguu kutoka darasani kwetu. Tulikuwa tukiipita kila mwezi tukienda kumsikiliza mtu aliyetoka mkoa mwingine. Nikachukua baiskeli, nikamkuta amekaa barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pasipoti?"

Nikamweleza nilichofuata. Akatikisa kichwa. "Mimi hotuba siwezi, mwanangu. Sijawahi." Nikamwambia hotuba hatutaki, aje na kazi zake tu. "Kazi zangu ziko majumbani mwa watu," akajibu. "Mimi nimebaki na negativu."

Akaja nazo, zile filamu ambazo weupe huonekana mweusi na weusi mweupe, ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga. Tulikuwa kumi na mmoja tu. Katibu hakuwepo, na kitambaa cha meza kilikuwa kwake, kwa hiyo meza kuu haikuandaliwa. Tukavuta viti tukamzunguka. Kijana mmoja aliweka simu yake chali, kioo kikiwa cheupe na mwanga umepandishwa mpaka mwisho, na negativu zikawekwa juu yake. Mwingine alizitazama kwa kamera ya simu nyingine iliyogeuzwa rangi, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe nyeusi, na watu wakatokea: mabwana wenye tai pana, watoto wa Idi, wasichana mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi.

Yule binti wa ualimu ndiye aliyeuliza. "Babu, kuna uliyoharibu?"

Nilitamani kuingilia kati. Mzee alinyamaza kidogo, halafu akaanza kupekua kopo. Akatoa mkanda mzima wa milimita 35 ambao haukuwa na chochote. Unaona mpaka ng'ambo, kama kioo.

"Hii ni harusi," akasema.

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Akaeleza. Alipopakia filamu ile ncha yake haikushika vizuri kwenye kigurudumu cha kuvutia. Kila alipovuta, kamera iliitikia, hesabu ikasogea, shata ikalia, mpaka picha ya thelathini na sita. Filamu haikusogea hata kidole. Alijua alipoitoa kwenye dawa chumbani mwake, peke yake, usiku. Akatuonesha kwa vidole dalili ambayo tangu siku ile hajaacha kuitazama: unapovuta filamu, kile kitasa cha kurudishia kilicho kushoto juu ya kamera lazima kizunguke. Kisipozunguka, simama hapo hapo, hujapiga kitu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa baba wa bibi harusi kabla hajaulizwa, akamrudishia pesa, akaomba maharusi wavae upya waje studio bila malipo. Walikuja. "Lakini bibi yake alikuwa ameshapanda gari kurudi Pangani," akasema. "Ile ya bibi na mjukuu wake haipo." Hakutueleza kwa nini aliuhifadhi mkanda ule miaka yote hiyo na hakuna aliyemuuliza.

Kutoka hapo maswali hayakukoma. Dereva wetu wa bodaboda aliuliza jambo linalomsumbua kila Ijumaa: bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, pembeni yake kuna mashangazi waliovaa mabuibui meusi, na kila akipiga, upande mmoja unaharibika. Hapa mzee alisimama. Mita ya kamera haijui kanzu wala buibui, alisema. Inapima mwanga unaorudi, na imeundwa idhani kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Ikiona kanzu nyingi itadhani mwanga umezidi, itapunguza, na kanzu itatoka kijivu huku nyuso zikizama gizani. Ikiona mabuibui itafanya kinyume, buibui litapauka na uso utababuka. Kwa hiyo yeye alikuwa akisogea mpaka karibu na uso wa mtu, anapima pale, anaweka vipimo, anarudi nyuma na hagusi tena kitu mpaka amepiga. Kanzu ikizidi kuwaka, ataimaliza kwenye chumba cha giza: wakati wa kusafisha picha aliukinga uso kwa mkono mmoja na kuacha mwanga uendelee kuanguka kwenye kanzu sekunde kadhaa zaidi, maana kwenye karatasi ya picha mwanga ukizidi ndipo panapoiva weusi. Akatuonesha mikono yake ilivyocheza hewani, chini ya taa ambayo haikuwepo.

Nilikumbuka pale jambo nililowahi kulisoma, kwamba kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilipimia rangi ya ngozi kwa kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu, ngozi nyeusi ikawa haitoki vizuri, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Mzee hakuwahi kuzisikia. Alikuwa ametatua sehemu yake ya tatizo hilo kwa kusogea hatua tatu mbele.

Tulitoka saa nne usiku. Niliyaandika maswali yote kwa sababu katibu hakuwepo, na nilipoyahesabu nyumbani yalikuwa thelathini na moja. Mwezi mzima kabla ya hapo, mbele ya chumba kilichojaa, tulikuwa tumepata moja.

Nilivyokosea mara ya pili

Hitimisho la haraka lilikuwa mdomoni mwa kila mtu: mzee wa mtaani ni bora kuliko mgeni wa mbali. Nililiamini na mimi. Na ndilo lililonifanya nimkosee mzee.

Baada ya miezi miwili tulimwalika tena, safari hii kwa fahari. Matangazo, meza kuu, kitambaa, wasifu. Nikampa na mada: historia ya upigaji picha Tanga. Alikuja amevaa koti, mkononi ana karatasi nne zilizoandikwa kwa msaada wa mjukuu wake, akasoma dakika arobaini. Alisoma kuhusu Wajerumani, kuhusu reli iliyoanza kujengwa hapa 1893, kuhusu vita vya Novemba 1914. Yote ni kweli na yote yamo vitabuni. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kopo hakuja nalo, maana mimi sikumwambia alilete. Hakuna aliyeuliza kitu. Nilipomsindikiza nyumbani alisema, bila uchungu wowote, "Leo mmeniheshimu mno."

Kwa uchambuzi wa kisa hiki, usiku huo wa pili una thamani kuliko ule wa kwanza. Mtu ni yuleyule, chumba ni kilekile, wasikilizaji karibu walewale. Kilichobadilika ni namna tulivyomwalika. Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba mgeni wa Arusha alikuwa mzungumzaji mbaya na mzee alikuwa mzuri. Wote wawili walitupa walichoombwa. Wa Arusha tulimwita kwa tuzo zake, akaleta tuzo. Mzee mara ya kwanza tulimwita na kazi zake, akaleta kopo. Mara ya pili tulimwita mwanahistoria, akajitahidi kuwa mwanahistoria.

Yapo mambo mengine yaliyosaidia usiku wa kopo, na si haki kuyaacha. Viti vya duara vilimfanya mtu aulize bila kunyanyuka na kujitambulisha. Uchache wetu ulisaidia pia. Na kulikuwa na kitu cha kushika: mkanda ulipopita mkono kwa mkono, kila aliyeupokea alikuwa na jambo la kusema kabla hajaupitisha. Lakini kama ningelazimika kutaja kitu kimoja, ningetaja swali la yule binti. Lilimtoa mzee kwenye nafasi ya kusifiwa likamweka kwenye nafasi ya kufundisha, na alikuwa amekaa miaka mingi akingoja mtu amweke hapo.

Jembe

Tulipokaa kujadili, mweka hazina alitukumbusha methali ambayo sote tunaijua tangu utotoni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. "Mgeni wetu yuko nasi saa mbili tu," alisema. "Siku ya tatu haifiki. Jembe apewe akiingia mlangoni." Neno likashika. Sasa kwetu jembe ni lile jambo ambalo mgeni atalifanya na sisi, na hatualiki mtu kabla hatujajua jembe lake ni lipi.

Katika mwaliko ninaoutuma siku hizi sitaji mada. Naomba picha moja anayoipenda, pamoja na zote alizopiga kabla na baada yake siku hiyo, hata zile za ovyo. Naomba moja iliyoharibika. Naomba aje na kitu kinachoshikika. Na wiki moja kabla namtumia picha tatu za wanachama, bila majina, aanze nazo hizo kabla hajaonesha zake. Wasifu hausomwi tena mbele ya watu, tunautuma kwenye kundi la WhatsApp siku iliyotangulia. Tumehamisha mkutano kuwa saa kumi jioni ili kila mtu afike kwake kabla giza halijakomaa, na wale wanawake wa Pongwe sasa ndio wanaofunga mlango.

Si kila mgeni hukubali. Mmoja alinijibu kwamba picha zake mbovu hamwoneshi mtu, ni siri ya kazi yake. Tulimshukuru, hatukumwita, na sidhani kwamba amekosea. Wapo wanachama pia wanaoukumbuka kwa hamu ule usiku wa simba na darasa lililofurika, na ni kweli kwamba hatujawahi kujaza darasa namna ile tena.

Bahasha

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo hakuna aliyeitaja kwa wiki kadhaa. Mgeni wa Arusha tulimlipia nauli, chumba na bahasha. Mzee tulimpa soda.

Aliyeliibua ni kijana wa studio, aliyejifunza kazi kwa mtu kama yule mzee. Aliuliza katika kikao, akiwa ametazama chini, kama ujuzi unapanda bei kwa kilomita. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumezoea kuona malipo ya mgeni kama fidia ya safari, na aliye mtaani hana safari, kwa hiyo hana malipo. Hatukuona kwamba alifunga studio mapema Jumamosi jioni, saa ambazo watu wa harusi huja. Tukakubaliana bahasha iwe sawa kwa kila mtoa mada, na nauli ihesabiwe kando. Mimi na mweka hazina tulimpelekea mzee ya kwake, ya mara zote mbili, tukamwomba radhi kwa kuchelewa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaagiza chai.

Simba wamerudi

Mwaka ulipokaribia kuisha nilimpigia yule mgeni wa Arusha. Nilimweleza yote, kwamba usiku ule ulitushinda na kosa lilikuwa letu. Akaniambia aliuona ukimfia mikononi, lakini alidhani ndivyo tulivyotaka, maana kila anakoalikwa huombwa alete nzuri zake zote.

Safari hii hatukumsafirisha. Alizungumza nasi kwa simu ya video iliyounganishwa na projekta, kwa bando tulilochangishana. Alileta picha moja, yule chui wa juu ya mgunga, na folda nzima ya siku alizomngoja. Mkia tu. Tawi tupu. Nyasi zilizofifia. Chui amegeuza kisogo. Gari la watalii limekatiza. Alizipitisha taratibu, akieleza kwenye kila moja alikuwa akifikiri nini na kwa nini hakuondoka. Wakati chui alipogeuza uso, chumba kizima kilikuwa kimeshajua ametoka wapi.

Kisha tukampa jembe lake. Mama wa bandari alikuwa amepiga yangeyange ufukweni Raskazone, nukta nyeupe mbali kabisa, katikati ya matope. Mgeni alimwambia asiwafuate. Akae chini, karibu na usawa wa macho yao, jua likiwa mgongoni, afike maji yanapoanza kujaa. Maji yakipanda yanafunika matope na kuwasogeza ndege wenyewe kuelekea pwani, na aliyetulia tangu mapema hawamwogopi. Kumbe ratiba ya maji kujaa na kupwa, ambayo mama yule aliijua kwa kazi yake ya miaka mingi bandarini, ndiyo ilikuwa lenzi aliyoikosa. Mwezi uliofuata alileta yangeyange anayeonekana mpaka jicho.

Na yule binti wa ualimu? Alikuwa ameshaanza kumpiga shangazi yake anayekaanga bajia, amevaa buibui jeusi mbele ya ukuta wa chokaa. Anapima usoni.

Harufu ya siki

Limebaki kopo. Siku ile ya kwanza, lilipofunguliwa, baadhi yetu tulisikia harufu kama ya siki tukadhani ni ya bati. Baadaye mgeni mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuhifadhi nyaraka, tulipompa kopo lile kuwa jembe lake, alilinusa tu akajua. Filamu za asetati, aina ya plastiki, zikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Kopo lililofungwa huifungia humo humo. Hali hiyo hairudishwi nyuma, hupunguzwa kasi tu kwa ubaridi, ukavu na hewa inayopita. Kwa hali ya hewa ya Tanga hayo matatu ni ya kutafuta kwa tochi.

Tumezitoa kwenye bati, kila mkanda kwenye bahasha yake ya karatasi, zile zilizokwisha kunuka mbali na nzima. Tunazipiga picha moja moja kwa kamera ya dijitali iliyofungwa kwenye stendi, juu ya taa bapa. Mzee ametupa sharti moja: hazipandi mtandaoni. Ni za wenyewe, anasema, na mwenyewe akija apewe nakala yake. Wapo waliokuja tayari, mmoja kutoka Muheza kufuata sura ya baba yake.

Tumefika nusu ya kopo. Mzee huja Jumamosi ya pili ya mwezi, hukaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, na kila picha inapotokea hutaja jina, mtaa, na shughuli iliyowaleta studio. Katibu anaandika. Wale asiowakumbuka tunawaachia mstari mtupu.